Tamutamu za Kikao cha Mplamu

Jumatano, 1 Februari

Leo Baba ametangaza. Si kwangu — kwa muuza tofu, aliyeingia kununua mochi mbili za wali wa kunata. Eti mwisho wa Machi anaweka mwiko chini. Mimi niko hatua tatu nyuma yao nachuja maharagwe ya kutengenezea tamutamu, nasikia habari za maisha yangu kupitia mgongo wa baba yangu.

Nikamfuata jikoni. Na duka? Inategemea. Inategemea nini? Mwalimu Nagase. Kikao chake cha chai cha kusherehekea mplamu, Jumapili ya tarehe ishirini na sita, wageni ishirini na wawili. Miaka arobaini na minane tamutamu za kikao hicho zimetoka mikononi mwa Baba. Mwaka huu nitatengeneza mimi peke yangu, yeye hatagusa hata ungo. Mwalimu akiagiza tena kwa chai ya Aprili, duka ni langu. Asipoagiza, linakwenda kwa binamu Kenkichi, ambaye atalivunja apate maegesho ya magari manne.

Manne! Babu wa babu yangu alisimama hapa akisonga maharagwe, na kitakachobaki ni magari manne.

Miaka sita tangu niache kazi ya ofisi Osaka. Miaka sita naamka alfajiri. Nina umri wa miaka arobaini na sita na bado napewa mtihani.

Haya. Mplamu. Mji huu umejaa maua ya mplamu mpaka yanachosha — nembo ya mabwana wa zamani, ipo kwenye vifuniko vya mitaro, kwenye leso, kwenye biskuti. Kalibu yetu ya petali tano ni ya enzi za babu. Nitaweza.

Ijumaa, 3 Februari

Siku ya kurusha maharagwe kufukuza mashetani. Nilirusha kidogo mlangoni kwa ajili ya heshima. Baba akaokota. Hapendi maharagwe yatupwe, hata kwa shetani.

Joto digrii kumi na nne. Misonobari yote mjini imefungwa kamba tangu Novemba ili theluji isivunje matawi, na theluji yenyewe imesusa. Kamba zinaning'inia tu, hazina kazi.

Jumatatu, 6 Februari

Sampuli ya kwanza. Ua jekundu la petali tano, limefunguka kabisa, na chavua ya kiini cha yai katikati, chembe kwa chembe, kwa kijiti. Moja ilinichukua dakika ishirini. Nikapeleka sita.

Mwalimu Nagase ni bibi wa miaka themanini na minne na anakaa wima kuliko mimi. Akaigeuza sahani polepole. Akasema ni zuri kiasi kwamba mtu akiliona hataweza kutazama kitu kingine chochote chumbani.

Nikarudi nikielea. Nikamwambia Baba maneno yale yale. Akacheka mpaka akakohoa.

"Pole," akasema, akarudi kwenye gazeti lake.

Pole ya nini?

Nimeyarudia maneno yale jioni nzima, nikikosha vyombo. Sasa nimeelewa. Amekataa! Kanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nami nikainama mara tatu kushukuru.

Alhamisi, 9 Februari

Nimefanya kosa. Nimempigia simu Mwalimu nikamwuliza anataka nini.

Akasema kwa sauti ya asali, "Nakuachia wewe, Bi Misao. Raha yangu ni kutojua."

Baba alisikia kutoka chumba cha pili. Aliguna tu. Mtengeneza tamutamu anayeuliza ni sawa na kinyozi anayemwuliza mteja namna ya kushika wembe — hilo nalijua, nimelisikia tangu utotoni. Lakini ningefanya nini? Nikamrukie mtu kichwani nisome?

Basi nimefikiri mwenyewe. Kosa ni majira. Tamutamu hutangulia mti kwa hatua moja. Mti ukiwa mtupu, unatengeneza tumba. Mti ukiwa na matumba, unatengeneza ua nusu. Ua lenyewe likishafunguka, unaacha — kuliiga likiwa wazi nje ya dirisha ni kushindana nalo, na huwezi kushinda. Mplamu wa bustani ya Mwalimu huchanua karibu na siku ya kikao, ndiyo maana kikao kipo siku hiyo. Sasa hivi ni mtupu. Nilirukia hatua mbili. Tumba, basi.

Jumapili, 12 Februari

Kenkichi ametualika kula mikunga. Nilijua kuna jambo.

Pale mkahawani mlo una ngazi tatu kama kote: msonobari ndio wa juu, mwanzi wa katikati, mplamu wa chini. Kenkichi akaagiza msonobari kwa Baba, msonobari kwake.

"Na Misao mletee mplamu," akamwambia mhudumu. "Mwezi huu ndiyo maisha yake."

Vipande viwili vya mkunga juu ya wali. Nikavila. Baba akatafuna msonobari wake bila kuinua macho.

Tuliporudi, Kenkichi akatoa futi ya chuma akapima upana wa mlango wetu. Eti kwa faida tu. Nikamwuliza faida ya nani. Akasema nisiwe mkali, hasira inaharibu mkono, na mkono ndio mali yangu.

Mjinga. Lakini ni kweli, jioni matumba yangu matatu ya kwanza yalitoka yamebanwa.

Jumatatu, 13 Februari

Matumba. Meupe, na wekundu kidogo unaochungulia kwa chini. Nyama laini ya maharagwe, haina hata mkunjo mmoja. Ni kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya, naliandika hapa kwa kuwa hakuna atakayeniambia.

Digrii kumi na saba. Nilipofika kwenye ukuta wa Mwalimu, harufu ikanifikia kabla sijaona chochote. Nikasimama. Nikainua macho.

Umefunguka. Nusu mti! Tarehe kumi na tatu! Na mimi nimesimama chini yake na boksi la matumba.

Mwalimu akayatazama kwa muda mrefu. "Yananikumbusha mwezi uliopita," akasema. "Ulikuwa mwezi mzuri."

Nimechoka na sifa.

Jumatano, 15 Februari

Nimekwenda kuupeleleza mti. Nilipanda juu ya kreti la bia nyuma ya ukuta wa Mwalimu ili nione upande wa pili umefika wapi. Mtunza bustani akatokea na ngazi yake.

"Bi wa tamutamu," akasema, "umepoteza paka?"

Nikasema ndiyo.

"Wa rangi gani?"

"Mweupe."

Akaahidi kumtafuta. Mzee wa watu alikuwa anasema kweli, alianza kuinama chini ya vichaka palepale. Nikashuka na kreti langu nikiwa na aibu mpaka kwenye nyayo.

Upande wa kusini umechanua wote. Upande wa kaskazini, kwenye kivuli cha ghala, bado matumba. Basi hatua inayofuata ni nini? Petali kuanguka?

Ijumaa, 17 Februari

Sampuli ya tatu. Kilima cheupe, na petali moja nyekundu imetua juu, kama imepeperushwa sasa hivi. Baba alipita akatazama. Akasimama muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Nikamwuliza wekundu umezidi? Akasema wekundu ni sawa. Nikamwuliza petali iwe ndogo zaidi? Akasema petali ni sawa. Akaenda zake.

Saa tisa boksi limerudi. Dada Ikuyo ndiye aliyelileta — mwanafunzi wa siku nyingi wa Mwalimu, ndiye mikono na miguu yake nyumbani mle. Ndani machungwa manne, na kadi kwa maandishi ya brashi: "Umehangaika sana."

Hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Tamutamu ikionyesha kuwa mtu amehangaika, imeshaharibika.

Nimeyala machungwa yote manne nimesimama.

Jumapili, 19 Februari

Nimesonga kilo nne, nimetupa kilo nne.

Mchana mama mmoja aliingia na binti yake, wametoka kuomba kwenye hekalu la mlinzi wa wanafunzi. Mtihani wa chuo kikuu ni Jumamosi. Mama alitaka chochote chenye ua la mplamu, kwa kuwa mplamu hutangulia maua yote na binti naye atangulie wenzake. Binti alikuwa na macho mekundu na vidole vyenye wino. Nikawapa maua yangu yaliyokataliwa, bure.

"Ni mazuri mno," binti akasema, "nitaogopa kuyala."

Nikamwambia ayale upesi kabla hajaanza kufikiri.

Siku saba zimebaki. Sina kitu.

Jumanne, 21 Februari

Nataka kuandika taratibu, nisiruke kitu.

Dada Ikuyo alikuja kununua mochi za nyumbani kwake. Dukani tulikuwa wawili tu, Baba yuko kwa daktari wa macho. Alinitazama usoni, akaketi bila kukaribishwa.

"Unaonekana mgonjwa," akasema.

Nikasema si mgonjwa, ni mpumbavu.

"Mwalimu anakupenda, ndiyo maana anakukatalia taratibu. Wengine huwakatalia kwa neno moja." Akafungua mochi moja akaanza kuila. "Sasa nikuulize. Siku ya kikao, kwenye lile shubaka la ukutani chumbani mwa chai, ataweka nini?"

Nikasema sijui. Ua.

"Ua gani, mwanangu? Kitawi cha mti wake. Kimoja. Matumba matatu na ua moja lililofunguka, basi. Watu wanatoka Kyoto kwa treni kuja kupiga magoti mbele ya kitawi kimoja. Ameshakiweka akiba upande wa kaskazini, ule uliochelewa, kila asubuhi anakwenda kukikagua kama mtoto mchanga. Halafu wewe unataka kuwapa mplamu wa maharagwe mkononi?"

Nikachukua trei nikaipangusa.

"Kitu kimoja hakisemwi mara mbili katika chumba kile," akasema. "Baba yako hajawahi kutuletea mplamu. Hata mara moja."

Mara arobaini na nane! Kikao cha mplamu, na hajawahi! Zilikuwa nini basi? Dada Ikuyo hakumbuki zote. Mwaka mmoja ilikuwa kitu cha kijani kibichi. Mwaka mwingine kitu cheupe tu, cha duara, na kila mtu alilia, hajui kwa nini.

Alipoondoka niliangusha trei. Sikuiokota hadi Baba aliporudi.

Jumatano, 22 Februari

Tumegombana. Niandike yote.

"Ulijua," nikasema.

"Nilijua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

"Nimekuuliza mara nne, Baba!"

"Uliniuliza rangi. Uliniuliza petali. Hukuniuliza zitaliwa mbele ya nini."

Alikuwa anachambua maharagwe mekundu wakati anasema hayo, mabovu kushoto, mazima kulia, hata hakusita. Nikamwambia kuna watu husema mambo kwa mdomo. Nikamwambia baba yake mwenyewe alimfundisha kwa kumpiga mwiko, lakini angalau alimfundisha. Akasema hakufundishwa, alipigwa tu, mengine aliyaona.

Kisha nikasema lile lingine. Kwamba Mama alikaa naye miaka thelathini na moja akibahatisha anachofikiri, na alikufa bado anabahatisha.

Akaacha kuchambua. Akapanda juu. Hakuteremka kula.

Najuta. Lakini si uongo, na ndiyo sababu najuta zaidi. Nina hasira naye, nina hasira na Mwalimu, na mji mzima huu unaoinama na kutabasamu na kuacha mtu aparamie ukuta kwa kreti la bia. Na nina hasira kwa kuwa wana haki. Ningetengeneza maua yale ishirini na mawili, wageni wangeyatazama, kitawi kingekuwa kama takataka iliyosahauliwa kwenye shubaka. Mtu mwenye macho angeona tangu mwanzo. Mwalimu mwenyewe aliniambia siku ya kwanza, waziwazi: hataweza kutazama kitu kingine chochote chumbani.

Ijumaa, 24 Februari

Siku mbili kazini. Nimeacha mplamu.

Nimefikiria mtu anayepiga magoti mbele ya kitawi kile. Anataka nini mkononi? Kitu cha kuusubiri mti. Kitu cha chini yake. Nimepitisha maharagwe mekundu kwenye ungo mnene, yametoka punjepunje, meusi karibu, yenye unyevu. Juu, mahali pamoja tu, chembe nyeupe chache, kama theluji iliyobaki kivulini. Hakuna ua. Hakuna umbo. Nimeiita Udongo Umelowa.

Hainichukui dakika ishirini. Inanichukua tatu.

Nikaacha moja kwenye sahani mezani, nikatoka kwenda kufagia mbele ya duka. Hatujasemezana tangu Jumatano. Niliporudi sahani ilikuwa tupu. Baba alikuwa ameketi anatazama ukuta.

Nikaweka ya pili. Akaila hiyo nayo.

Baba hajala tamutamu mbili mfululizo tangu daktari amkataze sukari, na nimekwenda nyuma kwenye stoo nikalia kidogo, kwa kitambaa cha kupangusia sufuria.

Nimepeleka moja kwa Mwalimu. Jibu limekuja kwa simu, Dada Ikuyo: ishirini na mbili, Jumapili, saa tatu kamili. Hakuna sifa hata moja!

Jumamosi, 25 Februari

Upepo. Ule wa kwanza wa majira ya kuchipua, ila mwaka huu umekuja kama umetumwa. Tangu saa nne asubuhi. Vibao vya maduka vimeanguka, baiskeli zimelala barabarani, kamba za misonobari zinapiga kelele. Kisha mvua, ya joto, ya kulowesha mpaka ndani ya koti.

Saa kumi nikatoka. Petali kila mahali, kwenye mtaro, zimeganda juu ya vifuniko. Nikakimbia hadi kwa Mwalimu. Kutoka nje ya ukuta nikaona mti. Mtupu. Upande wa kaskazini — tawi lile la kuchelewa limevunjika kabisa, linaning'inia kwa ganda, na mtunza bustani amelishika kwa mikono miwili, hajui alipeleke wapi. Matumba yote yamepukutika.

Nikapiga simu. Dada Ikuyo akaongea kwa kunong'ona. Mwalimu ameketi barazani tangu mchana anautazama mti, hajanywa hata chai.

"Ataweka nini kwenye shubaka?" nikauliza.

"Misao, sijui. Na usiniulize nimwulize."

"Atanunua kitawi?"

"Cha dukani?" Nilisikia kama nimemtukana. "Mwalimu?"

Basi hakuna. Kikao cha mplamu na shubaka halina mplamu. Na mimi nina udongo uliolowa, mweusi, usio na ua. Jana ulikuwa unausubiri mti. Kesho utakuwa kaburi lake. Watu watatoka Kyoto kuja kula kaburi.

Nimechemsha maharagwe meupe upya. Kama shubaka ni tupu, labda ua lazima liwe mkononi, mahali pengine hakuna. Si la kalibu. Jeupe, kwa kidole gumba, petali tano zisizo sawa. Nimemaliza ishirini na mawili sasa hivi, saa moja ya jioni. Yako mazuri. Udongo nao uko tayari. Maboksi mawili yamekaa mezani, na nachukia yote mawili.

Baba ameyaona. Hakuguna hata kuguna.

Jumapili, 26 Februari

Saa mbili na dakika arobaini. Naandikia garini, mbele ya lango la Mwalimu. Tumefika mapema, na kufika mapema ni kosa sawa na kuchelewa, kwa hiyo tunakaa. Maboksi mawili yako kiti cha nyuma.

Baba amekuja. Sikumwalika. Nilipotoka asubuhi nilimkuta amesimama karibu na gari, amevaa koti lake la misiba na harusi, nywele amezichana kwa maji. Akaingia akafunga mkanda.

Jua kali. Hakuna hata upepo. Mtunza bustani anafagia petali, na kila mara anasimama kutazama juu, kisha anafagia tena. Ukuta unaficha shina, lakini ncha za matawi zinaonekana. Nyeusi, zimelowa.

Nimejaribu kufikiri kama nilivyofikiri juzi. Watapiga magoti mbele ya nini? Labda shubaka tupu. Labda chungu cha maji tu. Labda Mwalimu ataweka lile tawi lililovunjika, na ganda lake — angeweza, ni mtu wa namna hiyo. Kama ni tawi, basi udongo. Kama ni tupu, basi ua. Au kinyume chake. Kila nikipanga, linapinduka.

Nikamgeukia. Nikasema, "Baba." Nilidhani ataangalia dirishani kama kawaida.

Akaniangalia. "Mwaka wangu wa tisa," akasema, "mti ulichelewa wiki mbili. Nilijua la kufanya. Mwaka wa ishirini na tatu mume wa Mwalimu alikufa wiki ya kikao, nikajua pia." Akaitazama mikono yake juu ya magoti. Inatetemeka, siku hizi inatetemeka kila wakati, ila leo ameacha kuificha. "Hii sijawahi kuiona. Tunapeleka lipi?"

Nikamtazama usoni nione kama ni mtihani. Nimeyajua macho yale ya mtihani miaka arobaini na sita.

Si mtihani. Hajui.

Mlango wa lango umefunguliwa. Dada Ikuyo ametoka na ndoo, anamwaga maji kwenye mawe ya njia, ishara kwamba wako tayari. Hatazami upande wetu. Baba amefungua mkanda lakini hajashuka. Ameweka mkono mmoja nyuma, kati ya maboksi mawili, na anangoja nimwambie.